Ijumaa ya Lulu, Nikiwa Ng'ambo ya Mto wa Mchanga

Chang'ombe,
Dodoma.
Jumamosi, 24 Februari 2024.

Mpendwa dada yangu Stara,

Assalaam alaykum. Shikamoo, dada. Najua shikamoo ya kwenye karatasi haina wa kuiitikia, na pengine hata ningekuwa mbele yako safari hii usingeitikia. Lakini sikufundishwa kuanza maneno na wewe bila hiyo.

Goti lako linaendeleaje? Ndugu yetu Swalihu alinieleza kwamba siku hizi ukienda sokoni unapumzika mara mbili njiani, na kwamba ile dawa ya kuchua umeiacha kwa sababu inanuka. Itumie hivyo hivyo. Na ziwa hapo Ujiji, bado limekalia uwanja wa akina Mzee Amiri, au limeanza kurudi nyuma? Watoto wa Swalihu wamepona kikohozi? Na binti yangu Lulu je? Nimemtaja wa mwisho kwa sababu kalamu ilikuwa inaogopa.

Mimi mwili ni mzima. Mgongo unauma, viganja vilichubuka lakini vinafunga. Tangu nirudi sipiki. Nakula kwa mama Emilia anayeuza wali barazani, nyumba ya tatu kutoka hapa, kisha narudi chumbani nakaa kitandani bila kuwasha redio. Majirani zangu ni watu wema, ila kila mmoja ana watu wake. Siku tisa nilizokuwa sipo hakuna aliyegundua isipokuwa mwenye nyumba, na yeye aligundua kwa sababu zamu yangu ya kuosha choo ilipita.

Jumapili ile nilipokupigia, uliniambia nisikupigie tena. Ulisema kama nina neno niliandike na nilitie sahihi, kwa kuwa maneno yangu ya simu umeyasikia miaka saba na hayajawahi kushuka kwenye basi hata siku moja. Nimekutii. Niliishia darasa la sita kama unavyojua, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Nina mambo mawili. La kwanza ni kufuta uongo. Nilikuambia sikupiga simu Ijumaa ya ndoa ya Lulu kwa sababu gari liliharibika. Haikuwa hivyo. La pili ni jibu ambalo shehe na wazee wa mchumba wake Iddy wanalingoja kabla ya Ijumaa ya tarehe 8 Machi. Swalihu ameniambia kwamba hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Mfungo unaingia, na baada yake Iddy anakwenda kuanza kazi mbali, na nyumba yao imekwisha kusema haitavaa tena kanzu kwa ajili ya kurudishwa. Kwa hiyo nitaandika yote, hata yanayonifedhehesha.

Unajua kwamba nipo kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Gulamrasul, hapa mjini, nashusha saruji na nondo. Mzee ana mtoto wake, Shahil, na huyo Shahil ana ugonjwa wa pori. Ana Landkruza mbili kuukuu alizozinyanyua juu. Zinavuta kwa magurudumu yote manne, zina waya wa chuma mbele wa kujinasulia kwenye tope, na moja ina hema linalofunguka juu ya paa. Wenzake wakipata nafasi wanakwenda Zanzibar. Yeye anatafuta mahali pasipo na barabara, anapita, analala huko, anarudi amefurahi. Sijaielewa raha hiyo mpaka leo. Sisi tulilala chini kwa kukosa kitanda. Yeye kitanda anacho na anakikimbia.

Huwa ananichukua mimi kwa ajili ya kuchimba, kusukuma, kubeba, na kuchinja kuku. Safari hii ilikuwa ya siku tano, kuondoka Jumamosi ya tarehe 10 na kurudi Jumatano. Nikawaza: Jumatano nipo mjini, ndoa ni Ijumaa, nitakaa na simu mkononi, shehe ataisikia sauti yangu nikimpa Swalihu idhini ya kumwoza Lulu, basi. Ndivyo tulivyokubaliana wote. Walii, mwenye haki ya kumwoza, ni mimi, nami nilikuwa na siku mbili za akiba. Niliona ni nyingi.

Habari ya ndoa sikumwambia Shahil. Kuli hapeleki mambo ya nyumbani kwa tajiri, na niliogopa angemchukua mtu mwingine.

Tulikuwa watu wanne tu. Shahil na mkewe Karishma kwenye gari la mbele. Mimi na dereva Stanley kwenye gari la mizigo. Stanley ni Mgogo wa Kongwa, fundi, mtu mzima mwenye mvi kidogo, na tumekuwa watani tangu siku ya kwanza. Ananiita Mgebuka kwa samaki wa kwetu, nami namwita Mlenda kwa mboga ya kwao. Tulipoiacha lami Itigi na kuingia vichakani kuelekea kusini, akaniambia, “Mgebuka, babu yako alipita huku na msafara, mzigo kichwani. Wewe umepandishwa cheo, unapita umeukalia.”

Nikamjibu, “Na wa kwako, Mlenda, alikuwa amekaa kisimani anatoza hongo.”

Alicheka mpaka gari likayumba. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu nilimkumbuka bibi. Unakumbuka alivyokuwa akiitaja Mgunda Mkali ili tunyamaze tulale? Ni huko huko, dada. Ni vichaka vilivyoshonana hata mbuzi atafute njia, matawi yanakwaruza gari pande zote mbili, na vikiisha inaanza miombo isiyo na mwisho. Mbung'o wanaingia madirishani na kuuma juu ya shati. Mtandao ulikatika nikiwa bado nautazama. Nikaizima simu ili nitunze chaji ya Ijumaa.

Sitakuficha, siku mbili za kwanza nilikuwa na amani. Kuna ukimya huko ambao hauulizi kitu. Jioni wao wanakaa kwenye viti vyao vya kukunja wanatazama jua likizama, Stanley analala chini ya gari, na mimi naosha masufuria nikiwa peke yangu kama nilivyo hapa Chang'ombe, ila kule haikuuma, kwa sababu hapakuwa na madirisha ya watu yenye taa.

Jumatatu tulifika kwenye mto wa mchanga. Wewe hujauona mto wa namna hiyo. Hauna tone la maji. Ni mchanga mweupe mtupu, mpana kama uwanja wa mpira, umelala katikati ya kingo mbili. Kuuvuka, unapunguza upepo kwenye matairi mpaka yanatanuka, na mimi natangulia kwa miguu na fimbo nikitafuta palipo pagumu, magari yananifuata polepole. Tulivuka salama. Stanley akapandisha gari lake juu ya ukingo wa ng'ambo, akaenda kutafuta kuni.

Karishma akaupenda ule mchanga. Akasema hauna nyasi, hauna nyoka, hauna kupe, mbona tusipige kambi hapo hapo mtoni. Shahil akasita. Akanigeukia mimi, akaniuliza, “Nasiri, wewe ni mtu wa maji, mtoto wa ziwa. Mto huu unauonaje?”

Dada, miaka minne nipo pale dukani. Naulizwa mifuko mingapi imebaki. Naulizwa nani ameacha mlango wazi. Sijawahi kuulizwa ninaonaje.

Nilipiga magoti nikachimba kwa mkono. Maji niliyakuta kwenye kiwiko, baridi, yametulia. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya mjuzi, “Maji yapo chini, bosi, yamelala. Na mvua imekata wiki mbili. Yakitaka kupanda yatapanda taratibu, tutayaona.” Nilikuwa nalisema ziwa letu. Ziwa likikufuata linakupa miezi ya kuhamisha vyombo. Lilipoingia kwa akina Mzee Amiri, si walibeba mpaka milango? Maji mengine sikuyajua, na sikujua kwamba siyajui.

Stanley alirudi na kuni akakuta viti vimepangwa. Alisimama juu ya ukingo, hakushuka.

“Hapo ni njia ya mtu,” alisema. “Mwenyewe hayupo tu.”

“Stanley, tazama mbingu hii,” Shahil akamwambia. “Kuna hata wingu?”

“Huyu haangaliwi juu ya kichwa, bosi. Huyu anatoka huko mbali, hata hujui amenyeshewa wapi.”

Hapo angenyamaza kila mtu ingekuwa heri. Lakini mimi nilikuwa nimeulizwa, nimejibu, nimesikilizwa, na sikutaka kunyang'anywa. Nikasema, “Mwacheni Mlenda. Kwao maji wanayaona kwenye ndoo.” Wakacheka wote wawili, Shahil na mkewe. Stanley hakucheka. Aliweka kuni chini, akarudi kwenye gari lake kule juu, akalala huko. Utani una mipaka yake, dada, na ule nilioufanya haukuwa utani.

Maji yalikuja Jumanne, baada ya alasiri, mbingu ikiwa nyeupe vile vile. Nilisikia kwanza sauti kama ya lori linalomwaga kokoto mbali. Nikadhani ni gari, nikafurahi kwamba kuna watu. Kisha nikaona mchanga umekuwa na ulimi wa rangi ya chai ya maziwa, wenye povu na vijiti mbele, unakuja kwa mwendo wa mtu anayekimbia.

Karishma alikuwa juu, ndani ya hema la paa. Shahil alimvuta miguu, akaanguka mikononi mwake, wakakimbilia ukingoni. Mimi nilibeba nilichoweza. Halafu Shahil akarudi. Aliingia kwenye gari, akaliwasha, likaenda hatua kama kumi, likazama magurudumu yote. Maji yalikuwa yamefika mlangoni. Stanley alishuka mbio na kamba, tukamtoa Shahil kupitia dirishani, huyu amemshika mkono, huyu ukosi. Tulipofika juu, mto ulikuwa umejaa kutoka ukingo mpaka ukingo, na gari limelala ubavu, linatutazama kwa taa moja.

Hakuna aliyekufa. Alhamdulillahi. Lakini sisi tulikuwa ng'ambo, na Dodoma iko upande wa pili.

Chakula kilikuwepo, kwa sababu mizigo ilikuwa kwenye gari la Stanley, ambalo lilipona kwa kuwa yeye hakunisikiliza. Maji yalishuka usiku, yakapanda tena asubuhi. Jumatano niliwasha simu, nikapanda jabali lililokuwa karibu, nikakaa kileleni mpaka jua likanishinda. Nilitazama pande zote nne. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na paa, hapakuwa na sauti ya jogoo. Nilikuwa juu kuliko kila kitu, na hakuna aliyekuwa akinitafuta huko, maana mlionitafuta mlikuwa mnanitafuta kwenye simu.

Alhamisi nilimweleza Stanley.

“Binti yako anaolewa kesho, na umenyamaza tangu Jumamosi? Una kifua kama sanduku la benki, Mgebuka. Kila kitu kinaingia.”

Nikamwambia naogelea vizuri, nitavuka, nitembee mpaka nikute kijiji. Akasema kijiji cha karibu ni mwendo wa siku mbili, na njiani kuna simba. Niliingia hata hivyo. Nimekulia majini, wewe ndiye uliyekuwa ukinichapa kwa kuchelewa kutoka ziwani. Hatua ya tano mto ulinifagia miguu, gogo likanigonga mbavu, na kama si Stanley kunidaka kwa ile kamba, barua hii ungeandikiwa na mtu mwingine. Nilikohoa mchanga. Yeye alikuwa anapumua kwa nguvu kuliko mimi. Akasema, “Hili si ziwa. Hili linatembea.”

Ijumaa maji yalikuwa ya vifundoni. Tulianza kuchimba gari alfajiri, mimi na Stanley kwa mabeleshi, Shahil kwa sufuria. Kila unachotoa kinarudi nusu. Nilikuwa naangalia kivuli changu. Kilipokuwa kifupi nilijua watu wanaingia msikitini. Kilipoanza kurefuka nilijua wametoka, wamekaa mkekani, shehe amemgeukia Swalihu, na Swalihu ameitoa simu mfukoni.

Niliacha beleshi. Nikageuka magharibi kwenu, nikasema kwa sauti, “Nimempa ndugu yangu Swalihu idhini amwoze binti yangu Lulu kwa Iddy.” Nikarudia. Na mara ya tatu.

Stanley aliuliza, “Unaongea na nani?”

“Na Ujiji.”

Alitazama upande niliokuwa natazama. “Hawajasikia,” akasema. “Ongeza sauti.”

Sijui kama alikuwa anatania au la. Niliongeza. Nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka, na hapo ndipo Shahil alipokuja akaniuliza nina nini. Nikamwambia. Alikaa chini kwenye maji na suruali yake.

“Kwa nini hukuniambia kabla hatujatoka?”

“Ungemchukua mtu mwingine, bosi.”

“Ndiyo, ningemchukua mtu mwingine,” akasema. “Na wewe ungekuwa Ujiji.”

Neno hilo limekaa nami wiki nzima. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anashangaa tu, kwamba kitu chepesi namna ile sikukiona.

Tulitoka Jumamosi jioni, gari moja linavuta lingine. Karibu na Itigi, Jumapili asubuhi, simu yangu ilianza kutetemeka mfukoni na haikunyamaza kwa muda. Wa kwanza kumpata alikuwa Swalihu, na yeye ndiye aliyenieleza siku yenu. Kwamba shehe alingoja mpaka alasiri. Kwamba shehe alisema baba akiwa hapatikani, ami anaweza kusimama, na Swalihu yupo, na mashahidi wapo, na bwana harusi yupo. Kwamba wewe ulitoka ndani kwa wanawake, na goti lako hilo, ukasimama mlangoni ukasema, “Ana baba. Baba yake yupo hai. Hatumwozi kama mtoto aliyeokotwa.” Na watu wa Iddy wakaondoka, na pilau mkawagawia majirani kwenye ndoo.

Dada, ulinisimamia mbele ya watu wote wale. Na saa moja baada ya kuambiwa hayo mimi nikakupigia na uongo wa gari. Uliposema “Kila mwaka kuna gari,” ulisema kweli. Mwaka jana lilikuwa basi. Mwaka juzi ilikuwa mvua. Nilipokuja msiba wa mama niliondoka siku ya nne nikisema nitarudi arobaini.

Gari lilizama kwa sababu ya mdomo wangu. Sikupiga Ijumaa kwa sababu nilitaka kuonekana ninajua. Ndiyo kweli yote, na Shahil naye nimemwambia. Stanley nimemwomba radhi. Amesema kosa ni lake pia, angepiga kelele zaidi, lakini kibarua akibishana na kibarua mwenzake, tajiri humsikiliza anayemfurahisha.

Lulu simu yangu haipokei. Aliniandikia ujumbe mmoja tu, Jumapili hiyo: “Baba uko hai?” Nikamjibu ndiyo. Hajaandika tena.

Sasa jibu lako.

Nilipokuwa nachimba ule mchanga niliwaza sana neno hilo, walii. Nilikuwa nalishika kama kitu changu ambacho hakuna wa kuninyang'anya, hata niwe mbali vipi. Halafu nikajiuliza nimelifanyia kazi lini. Mke wangu Sabiha alipofariki, Lulu alikuwa na miaka kumi. Nilipoondoka kuja huku kubeba zege alikuwa na kumi na tatu. Aliyempeleka hospitali alipovunjika mkono ni Swalihu. Aliyekwenda shuleni kugombana na mwalimu ni Swalihu. Fomu zake zote, pale palipoandikwa sahihi ya mzazi, kuna sahihi ya Swalihu. Na Ijumaa ile alikaa mkekani, ana haki ya kusema neno moja na mambo yakaisha, akanyamaza kwa heshima yangu, anaishika simu isiyoita.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Niliiandika jana baada ya swala ya isha, mbele ya imamu wa hapa Chang'ombe na jirani yangu Respicius aliyenisindikiza. Imamu akaniambia shahidi wa pili awe Mwislamu mwenzetu, kwa hiyo akatia sahihi muadhini, na Respicius akabaki kutushikia taa, maana umeme ulikuwa umekatika. Karatasi inasema kwamba mimi, baba wa Lulu, nimempa ndugu yangu Swalihu uwakili wa kumwoza kwa Iddy, siku yoyote, bila kungoja sauti yangu wala uso wangu. Haina sharti. Mpelekee shehe.

Niliiandika karatasi kwanza, ndipo leo nikaenda stendi kukata tiketi ya Jumanne ya tarehe 5. Nimefanya kwa mpango huo makusudi, ili ahadi yangu isimfunge tena mtoto. Shahil amenipa ruhusa, na safari hii nilimwambia sababu. Tiketi ninayo, lakini sikuambii kwamba nakuja. Neno hilo nimelimaliza. Msimtume mtu stendi. Msiniwekee nafasi mkekani. Simu ikiwa kimya, fungeni ndoa. Basi likikwama, fungeni ndoa.

Na hata nikifika, dada, hata nikiwa nimekaa pale pale shehe ananiona, Swalihu ndiye amwoze. Nisikilize hapa, kwa sababu najua utataka kunitetea tena. Usinitetee. Jina langu litatajwa, Lulu binti Abdulnasiri, hilo ni la Mungu na halibadiliki. Mkono utakaomshika Iddy uwe wa Swalihu. Ni haki yake, na ameingoja bila kuidai. Mimi nitakaa nyuma na wageni, na ninyi wa ndani mkipakua chakula mnihesabu kama mgeni mmoja. Ukinipangia kazi ya kubeba masufuria nitabeba, hiyo naijua.

Lulu umsomee barua hii yote, usiruke pale pa mto. Akiniuliza nitamwambia kwa mdomo. Asipouliza, ajue.

Barua nampa kondakta wa basi la Kigoma leo jioni. Swalihu aifuate ofisini kwao. Nisalimie Swalihu na mkewe na watoto, Mzee Amiri na watu wote wa uwanja wake, na mama yake Iddy, umwambie nimemwomba radhi kabla sijamjua. Mungu akulainishie goti, akuongezee siku, na aijaze heri nyumba ya hao wawili wanaoanza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye pamoja na hasira zako, ambazo nimezistahili,

Abdulnasiri